Kauntabuku ya Mwaloni na Jedwali la Rekodi Milioni

Hotuba niliyoitoa Kigoma mjini mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza programu, makarani wa mialo na wafanyakazi wa ofisi mbalimbali. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikiongeza maneno pale ambapo ukumbini nilitumia ubao.

Mwakeye, ndugu zangu.

Wazee wetu, shikamooni. Walimu, makarani mliopanda kutoka ziwani asubuhi hii, vijana mnaojifunza kazi hii ya programu, nawasalimu wote. Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo ambalo kwa kulitaja tu linaonekana dogo: namna ya kuonyesha rekodi nyingi sana kwenye jedwali moja la kompyuta, lile ambalo mtu hulisogeza juu na chini kwa kidole au kwa kipanya. Nitalizungumza kwa urefu, kwa sababu niliwahi kuliharibu mwenyewe, na baadhi ya waliopata taabu kwa kosa langu wamo humu ndani.

Hiki nilichoshika ni kauntabuku ya kwaya nne. Ni ya mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inaposhusha mzigo. Mama aliyeniazima amekaa kule nyuma, na ameomba nisimtaje jina, kwa hiyo nitamwita Mama Karani. Kila alfajiri mitumbwi ya dagaa inaporudi na taa zake, yeye huandika: boti gani, ya nani, ndoo ngapi, bei ya siku. Tazameni anavyoitumia. Ukimuuliza mzigo wa boti fulani wa tarehe 9 Machi, haanzi ukurasa wa kwanza. Anafungua karibu na katikati, anaona tarehe 14, anarudisha karatasi mbili tatu, kidole kinashuka pembeni, kinasimama. "Ndoo 42." Muda wote huo mbele ya macho yake palikuwa na kurasa mbili tu. Nyingine zote zilikuwa zimefungwa, hazimchoshi macho wala hazimlemei mkono.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kuchukua nafasi ya daftari hili. Nilikuwa na rekodi 500 za majaribio, na jedwali lilifunguka kabla sijanyanyua kidole. Nikakabidhi kazi nikiwa na furaha. Ofisi iliyoniajiri ikaingiza na madaftari ya zamani ya mialo mingine, msimu ukaja juu ya msimu, rekodi zikafika laki nne. Kila rekodi ilikuwa na safu 12. Laki nne mara 12 ni vijisanduku 4,800,000. Programu yangu ilikuwa ikiviomba vyote kutoka kwenye kanzidata, yaani ghala la kompyuta linalotunza rekodi, inavisafirisha vyote kwenye mtandao, kisha inakiagiza kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kivichore vyote, ndipo Mama Karani aone mistari 20 ya kwanza.

Kivinjari hakichori kijisanduku kama mtoto anavyochora mraba mchangani. Kwake kila kijisanduku ni kitu kamili kinachokaa kwenye memori, chenye upana, kimo, rangi, aina ya herufi na majirani zake. Neno moja refu likipanua safu, vyote vilivyo kwenye safu hiyo hupimwa upya. Laptopu ya ofisi ilikuwa na memori ya gigabaiti 4. Ikaganda. Mama akasubiri, akaenda kuchemsha chai, akarudi, bado. Wachuuzi wamesimama dirishani, jua linapanda, na dagaa wabichi hawamngoji mtu. Siku ya tatu akanunua kauntabuku mpya. Hakuja kunilaumu. Niligundua mwenyewe wiki mbili baadaye, nilipoona rekodi mpya haziingii tena.

Nilikwenda kumwomba radhi, nikakaa naye asubuhi nzima. Pale ndipo nilipomwona anavyofungua daftari.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Mtu aliyekaa mbele ya skrini anaona mistari 20, labda 30, au 40 kama skrini ni ndefu. Rekodi ziwe 500 au milioni tano, macho yake hayaongezeki. Kwa hiyo programu nayo ichore mistari hiyo 30 tu, na mingine michache juu na chini ili akisogeza kidogo asikute utupu. Mtu akishuka, mistari iliyotoka juu inachukuliwa na kuandikwa upya chini. Mama lishe wa pale stesheni ana sahani 30 na kwa siku analisha watu zaidi ya 200. Hakununua sahani 200. Sahani ikitoka kwa aliyeshiba inaoshwa, inapakuliwa kwa anayeingia.

Si wazo jipya. VisiCalc, programu ya jedwali la hesabu waliyoitoa Dan Bricklin na Bob Frankston mwaka 1979, ilikuwa na mistari 254 na safu 63, nayo ikitumika kwenye kompyuta ya Apple II ambayo skrini yake ilionyesha mistari 24 ya maandishi. Tangu siku hiyo jedwali limekuwa kubwa kuliko dirisha lake. Simu ya iPhone ilipofunguliwa kwa watengeneza programu mwaka 2008, orodha zake zilitumia mistari ileile upya, na Android wakaleta chombo chao kipya cha kazi hiyo mwaka 2014. Mnaoandika kwa lugha ya programu ya Java mnajua JTable, chombo chake cha majedwali: mchoraji mmoja hugonga kila kijisanduku kama muhuri. Kwa hiyo mnapoanza leo msianze kwa kubuni. Vyombo vipo, chagueni kimoja mkijue vizuri.

Lakini sahani lazima ioshwe. Hili nalisisitiza kwa sababu ni kosa ambalo halionekani siku ya majaribio. Mama Karani aliweka alama ya "amelipwa" kwenye mstari wa tatu. Akashuka kidogo, akaiona alama ileile kwenye mstari wa 43, kwa mtu ambaye hajalipwa hata shilingi. Nini kilitokea? Mstari wa tatu ulipotoka juu ya skrini, niliutumia tena chini, nikabadilisha jina na tarehe, nikasahau alama. Ilibaki pale kama ugali uliogandia kwenye sahani. Tangu hapo nina kanuni moja ninayowafundisha vijana wote wanaopita kwangu: alama, chaguo, rangi, chochote ambacho mtu amekifanya, kifungwe kwenye namba ya rekodi. Kisifungwe kwenye mstari wa skrini, maana mstari wa skrini ni wa kupita.

Hesabu ya kujua mistari ipi iko mbele ya mtu ni rahisi kuliko inavyosikika. Kila mstari una kimo cha pikseli 32, yaani vile vinukta vidogo vya skrini. Mtu ameshuka pikseli 96,000. Gawanya: yuko mstari wa 3,000. Dirisha lake lina pikseli 640, basi anahitaji mistari 20 kuanzia hapo. Ndiyo yote. Ugumu unakuja mkiruhusu mistari yenye vimo tofauti, kwa mfano maelezo marefu yanayojikunja mara tatu. Hapo hamwezi kugawanya tena, itabidi mkadirie, mpime, msahihishe, na jedwali linacheza chini ya kidole cha mtu. Ushauri wangu ni mkali kidogo: kwenye jedwali la rekodi laki nne, kila mstari uwe na kimo kimoja. Maelezo marefu yafunguke pembeni mtu akigusa.

Skrini nyingi huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Mna milisekunde 16 na ushei kuandaa kila picha. Kwa mistari 30 muda huo unatosha na unabaki. Kwa mistari laki nne hautoshi hata kuanza.

Kuna ukuta mwingine ambao wengi hugonga bila kuujua. Vivinjari vina kikomo cha urefu wa kitu kimoja kwenye ukurasa. Chrome huishia karibu pikseli milioni 33 na nusu, Firefox karibu milioni 17.9. Kwa mistari ya pikseli 32, Chrome inafika mwisho baada ya mistari milioni moja na kidogo, Firefox hata laki sita haifiki. Rekodi zinazozidi hapo zipo kwenye kanzidata, zipo kwenye hesabu, lakini mtu akishuka hadi chini kabisa hazioni. Hakuna ujumbe wa kosa. Jedwali linasimama kimya kana kwamba ndio mwisho wa dunia. Dawa yake ni kuutenganisha urefu wa kuigiza na urefu wa kweli: upau wa kusogezea, ule wa pembeni ambao mtu huuburuta, uwe mfupi kuliko rekodi zenyewe, na programu ibadilishe nafasi ya upau kuwa namba ya rekodi kwa uwiano.

Na huo upau wenyewe, tuusemeje? Chukueni rekodi milioni moja kwenye upau wa pikseli 600. Pikseli moja ni rekodi 1,667. Kidole kikitetemeka kidogo, mtu ameruka siku nyingi za uvuvi. Kumwambia karani "buruta utafute" ni kumtwika kazi isiyowezekana. Nilichofanya ni kuweka kisanduku cha tarehe juu ya jedwali. Anaandika 9 Machi, jedwali linakwenda 9 Machi. Anapoburuta upau, tarehe inaonekana pembeni ya kidole, ajue yuko wapi. Daftari lake lilikuwa limeshampa vitu hivyo viwili kwa miaka yote, mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Tumemaliza upande wa kuchora. Sasa upande wa kuchota, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo palipo na jambo lililonileta.

Mmeshajua hamhitaji rekodi zote kwa pamoja. Mnaomba mia moja, kisha mia nyingine. Njia ambayo karibu kila anayeanza hufundishwa ni kuiambia kanzidata: ruka rekodi kadhaa, unipe mia zinazofuata. Ruka 0, ruka 100, ruka 200. Inafanya kazi vizuri kabisa mwanzoni. Lakini kanzidata hairuki kama ndege. Ili iruke rekodi 300,000 inazipita zote, moja baada ya nyingine, inazitupa, ndipo ikupe mia ulizotaka.

Reli ya Kati ilifika hapa kwetu mwaka 1914. Kutoka Dar es Salaam mpaka stesheni yetu ni kama kilomita 1,250. Chukulieni kuna fundi anayekagua mataruma ya reli. Amefika Uvinza jioni, akalala. Asubuhi, badala ya kuanzia Uvinza, anarudi Dar es Salaam, anaanza kuhesabu taruma la kwanza, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kaliua, mpaka afike idadi ya jana, ndipo aendelee na kazi. Kesho yake tena hivyohivyo. Ndivyo "ruka" inavyofanya kazi, na ndiyo maana jedwali huwa jepesi juu na zito kadiri mtu anavyoshuka.

Njia nyingine ni kuweka kigingi pale ulipoishia. Unaiambia kanzidata: rekodi ya mwisho niliyoiona ni ya tarehe 9 Machi, namba 88,214, nipe mia zinazofuata baada ya hiyo. Kama kuna faharasa, yaani orodha iliyopangwa ya kuonyesha rekodi ilipo, juu ya safu hizo, inakwenda moja kwa moja. Faharasa nyingi za kanzidata zimejengwa kwa mti wa B, uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight mwaka 1970 wakiwa kampuni ya ndege ya Boeing. Kila kituo cha mti huo kinagawanyika matawi mengi. Yakiwa matawi 100, hatua tatu zinatosha kuifikia rekodi yoyote kati ya milioni moja. Hatua tatu. Mama Karani anapofungua katikati ya daftari, akaona 14, akarudisha karatasi mbili tatu, anafanya jambo la ukoo huohuo.

Nilibadilisha nikidhani ninatafuta kasi. Kumbe ile njia ya kuruka ilikuwa na ubaya mkubwa kuliko kuchelewa. Ilikuwa inasema uongo.

Jedwali limepangwa mpya juu. Mama amesoma rekodi mia za kwanza. Wakati anasoma, karani mwenzake wa mwalo mwingine anaingiza rekodi tano mpya. Zote zinasukumwa chini hatua tano. Programu inaomba "ruka 100", na tano alizokwisha kuziona zinarudi tena. Akijumlisha ndoo kwa macho, amezihesabu mara mbili. Sasa geuzeni: badala ya kuingiza, mwenzake amefuta rekodi moja iliyoandikwa mara mbili. Zote zinapanda hatua moja. Ile iliyokuwa ya 101 sasa ni ya 100, na programu inaruka 100. Rekodi hiyo hakuiona na hataiona. Kwenye kanzidata ipo salama. Kwenye macho ya karani haipo.

Ilimpata mzee mmoja mwenye boti. Alikuja kudai malipo ya siku moja, jedwali likapitishwa mbele yake, mzigo wake haukuonekana. Akaambiwa hukuandikwa. Yeye anakumbuka, wenzake wanakumbuka, lakini kompyuta imesema. Kauntabuku ndiyo iliyomwokoa, kwa kuwa Mama alikuwa bado anaandika kotekote. Namshukuru Mungu alikuwa anaandika kotekote.

Kulikuwa na tundu jingine hapohapo. Nilikuwa nimepanga rekodi kwa tarehe peke yake. Siku moja ya dagaa wengi ina mitumbwi mingi yenye tarehe ileile, na kanzidata haikuahidi kuzipanga sawa kila unapoiuliza zile zenye tarehe zinazolingana. Leo boti ya kwanza ni hii, ukiuliza tena ni ile. Mpaka wa mia ukiangukia katikati ya siku hiyo, moja inatokea pande zote mbili na nyingine haitokei popote. Kwa hiyo kigingi lazima kiwe na vitu viwili: tarehe, na namba ya rekodi isiyofanana na nyingine yoyote. Vijana, kama mtasahau yote ya leo, namba hiyo ya pili msiisahau. Ni neno moja tu kwenye swali lenu kwa kanzidata, na ndilo linaloamua kama mzee atalipwa.

Nilirekebisha, nikapima, nikarudi mwaloni. Jedwali likawa jepesi na halirudii wala halirukii. Lakini imani haikurudi siku ile. Mwaka 2024 serikali ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mnakumbuka ufuo ulivyokuwa kimya. Miezi ikapita, Mama akawa anarudi nyuma kwenye jedwali, akafika Agosti, na mstari unaofuata ukawa wa Mei. Akanipigia simu. "Mwanangu, imekula tena." Kwa kitambo kidogo yeye mwenyewe alikuwa amesahau ziwa lilifungwa, na hata alipokumbuka, swali lake lilibaki palepale: nitajuaje, nikiona pengo, kama ni ziwa lililofungwa au ni programu iliyomeza?

Sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo. Kwenye kauntabuku pengo lina sura: kurasa zina namba, mwandiko unaendelea, na pale alipokuwa ameandika kwa kalamu nyekundu "ziwa limefungwa" panaonekana. Jedwali langu lilikuwa limeunganisha Agosti na Mei kana kwamba ni jana na leo.

Nilichokuja kufanya ni hiki. Nimeweka jedwali dogo la pili ambalo mtumiaji halioni, lenye mstari mmoja kwa kila siku: tarehe, na idadi ya rekodi za siku hiyo. Hata miaka kumi ni mistari 3,650 na ushei, kitu kidogo sana, hukaa chote kwenye memori bila taabu. Jedwali hilo dogo linafanya kazi tatu. Linauambia upau tarehe ipi iko wapi, bila kuhesabu rekodi laki nne. Linaniwezesha kukagua: nikichota rekodi za siku moja zikawa 61 wakati hesabu inasema 62, programu inasimama na kusema, haionyeshi 61 kimyakimya. Na siku zisizo na rekodi zinajulikana, kwa hiyo kati ya Agosti na Mei sasa unachorwa mstari wa kijivu unaosema wazi kwamba hapa hakuna rekodi kuanzia siku hii hadi siku hii, na karani anaweza kuandika sababu juu yake. Mama ameandika. Kwa herufi kubwa.

Msidhani haya ni ya mwaloni tu. Mwaka 2020 huko Uingereza, taasisi ya afya ya umma ilikuwa ikipokea matokeo ya vipimo vya UVIKO-19 na kuyapitisha kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Zilizozidi hazikuingia. Watu 15,841 waliokutwa na ugonjwa kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba wakakosekana kwenye hesabu za kila siku, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Muundo mpya wa Excel, ulioanza na toleo la 2007, unabeba mistari 1,048,576. Ni mingi, lakini nao una mwisho, na ninachokitazama mimi ni nini kinatokea siku mwisho unapofika: je, programu inasema?

Kwa hiyo mkiamua kuweka kikomo, na mara nyingi ni busara kukiweka, kiandikeni. "Unaona rekodi 10,000 za kwanza kati ya laki nne." Idadi kamili ikiwa ghali kuipata, maana kanzidata kama PostgreSQL hulazimika kuzipitia rekodi ili izihesabu, semeni "karibu laki nne". Neno "karibu" ni la kweli. Namba ya kubuni si ya kweli.

Kupanga na kuchuja niyapitie haraka. Mtu akibonyeza kichwa cha safu ya bei, msipange zile rekodi mia mlizonazo mkononi, mtampa bei kubwa ya hizo mia akidhani ni ya ziwa zima. Kazi hiyo ifanywe na kanzidata. Kutafuta vilevile: akitumia Ctrl na F ya kivinjari, itatafuta kwenye mistari 30 iliyochorwa na kumwambia jina halipo. Mpeni kisanduku chenu cha kutafutia kinachouliza rekodi zote, kikae mahali anapokiona. Na kwa ndugu zetu wasioona wanaosomewa skrini, vivinjari vina alama za kueleza kwamba huu ni mstari wa 3,000 kati ya laki nne. Bila hizo wataambiwa jedwali lina mistari 30.

Kuhusu mtandao wetu. Rekodi moja ya aina hii ni kama baiti 300. Rekodi mia ni kilobaiti 30. Rekodi laki nne ni megabaiti 120, na hilo ni bando la mtu, fedha taslimu kutoka mfukoni mwake, kila anapofungua ukurasa. Mtu akiburuta upau kwa kasi, msitume ombi kwa kila hatua anayopita, subirini kidole kitulie sehemu ndogo ya sekunde, na maombi ambayo hayahitajiki tena yafuteni. Wakati rekodi ziko njiani, choreni mistari mitupu ya rangi hafifu, msiache za zamani zikidanganya kwamba ni mpya. Kwa mwalo ambao mtandao unakatika kutwa, mimi huweka nakala ndani ya mashine yenyewe kwa SQLite, kanzidata ndogo ya faili moja, na inatosha.

Nakumbuka pia kwamba mkoa huu si mgeni wa kumbukumbu ndefu. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na kazi ya kuandika maisha ya sokwe wale, siku kwa siku, imepita miaka 60. Kijana wa Kigoma anayejifunza kuonyesha rekodi nyingi kwa uaminifu hatakosa kazi nyumbani.

Jambo la mwisho ni la majaribio. Rekodi 500 zilinidanganya, na zitawadanganya na ninyi. Kabla ya kukabidhi, jazeni kanzidata rekodi milioni moja za kutunga, inachukua dakika chache. Kisha tafuteni mashine dhaifu kuliko zote ofisini kwa mteja, hiyo ndiyo mjaribie. Fungueni madirisha mawili: kwenye moja mtu anasoma akishuka, kwenye jingine mwenzake anaingiza na kufuta. Aliyesoma aandike namba za rekodi alizoziona. Mwisho linganisheni na kanzidata, namba kwa namba. Ni kazi ya nusu siku na inachosha. Mimi niliifanya mara ya kwanza baada ya yule mzee kuambiwa hakuandikwa, na nilipata rekodi 17 zilizorukwa.

Nimekuja na laptopu ileile ya gigabaiti 4, iko pale mezani karibu na mlango. Ina rekodi milioni moja, na kwenye simu yangu nimeweka programu inayoingiza na kufuta rekodi wakati ninyi mnasoma. Mama Karani ataketi pale na orodha ya karatasi. Njooni wawiliwawili, mmoja asogeze, mwingine aandike namba, kisha mwende kwake mlinganishe. Akimpata hata mtu mmoja aliyerukiwa mstari, narudi nyumbani na kazi.